Lami Inapolowa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza asubuhi nikitia maji kwenye birika, na mpaka sasa naandika haijaacha. Kazini tumetangaziwa rasmi: kampuni imenunua haki za mchezo wa video wa zamani, "Lami", na sisi wa ghorofa ya juu ndio tutakaoutoa upya. Picha safi, sauti mpya, mchezo uleule uingie kwenye mashine za siku hizi. Mkuu wa mradi alipanda juu ya kiti akapiga makofi. Ni kijana wa ndevu chache na haraka nyingi. Tunamwita Bado Kidogo, maana ukimuuliza lolote jibu lake ni hilo.

Wenzangu walishangilia. Mimi nilijifanya natafuta kalamu chini ya meza.

"Lami" ni mchezo wa kaka yangu. Aliutengeneza na wenzake wawili katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mimi bado navaa sare za shule. Haukuwa mchezo wa kugongana na kulipuka. Zilikuwa mbio za magari hasa. Tairi zikipata moto zinalegea, mafuta yakipungua gari linakuwa jepesi, na ukikanyaga breki ndani ya kona unakwenda kusalimiana na ukuta. Na mvua ikinyesha ndani ya mchezo ule, watu wazima na akili zao walikuwa wakiweka chini pedi ya kuchezea wakamkumbuka Mungu.

Wale wenzake wawili wameshatangulia mbele ya haki. Kaka yupo, lakini ni mgonjwa. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina refu. Sisi tunauita Mtetemo, kama jina la mpangaji aliyekataa kuhama.

Sikumwambia mtu kitu.

Jumatano, 5 Machi

Nimewaambia.

Ilikuwa hivi. Mwandishi wetu wa programu, kijana mpole tunayemwita Miwani, ameufungua mchezo wa zamani na kukuta umebaki mwili tu. Maandishi yake ya asili, yale ya programu, yalipotea stoo ilipoingia maji, miaka mingi kabla kampuni haijaununua. Mengine anaweza kuyafumbua, ila mvua imemshinda. "Ni kama kuingia nyumba ya mtu kwenye giza," alisema. "Najua viti vipo, lakini navijua kwa kuvigonga na ugoko. Mvua hii aliiandika nani?"

Neno likanitoka: "Kaka yangu."

Bado Kidogo akanitazama kama mtu aliyeona maji jangwani. "Dada, yu hai? Ulikuwa unatuficha nini?"

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Kaka. Aliyefungua mlango ni Wifi, kanga kiunoni, mikono ina povu. Nikamweleza palepale barazani, maana sikuweza kusubiri. Hakunikaribisha ndani kwanza.

"Hapana," akasema.

"Wifi, nisikilize. Wanamhitaji. Ni mara ngapi mgonjwa anahitajiwa?"

"Mimi namhitaji. Sijakuona ukija na gari kunichukulia mimi."

"Lakini anakaa tu humu akitazama ukuta. Hata ile mashine yake ya zamani ya kuchezea umeipandisha juu ya kabati kama sufuria la wageni. Mtu ukimnyang'anya kazi yake si umemzika?"

Akakausha mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Maneno yako matamu sana, wifi yangu. Maneno hayanyanyui mtu chooni."

Nikasema moyoni: huyu mwanamke ana roho ya jiwe.

Kaka alikuwa ametusikia. Sauti yake siku hizi ni nyembamba, kama inatoka nyuma ya pazia. "Rangi," akaita. Ndivyo anavyoniita tangu utoto, kwa sababu ya kuchora kuta. "Rangi, wamefika wapi na mvua?"

"Wamekwama."

Akacheka. Uso wake haucheki tena, umekakamaa, lakini mabega yalicheka. "Lazima wakwame. Nitakuja."

Wifi aliingia jikoni. Nikasikia sahani zikigongana kuliko kawaida ya sahani.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Nimechora upya ukuta wa kona ya pili. Zamani ulikuwa vidoti vya kijivu, sasa una kuvu na ufa. Hakuna jingine.

Alhamisi, 13 Machi

Kaka amefika kazini. Bado Kidogo alimpokea chini kwenye ngazi, akamshikia mwavuli, akainama kumwamkia mpaka nikamwonea huruma. Ghorofa nzima ilisimama. Kuna mmoja alimletea boksi la mchezo wa zamani atie sahihi. Kaka akaitazama ile kalamu, kisha akasema, "Nitakupigia muhuri siku nyingine." Watu wakacheka. Mimi peke yangu nilijua kwamba hawezi kuandika jina lake.

Tukamwonyesha barabara nilizochora kwenye skrini kubwa.

"Umechora kila jani," akasema.

"Ndiyo."

"Sisi tulikuwa na rangi chache kuliko vidole. Ukitaka jani, mchezaji analeta la kwake kichwani." Kisha, kwa kuona uso wangu: "Ni nzuri, Rangi. Ni nzuri sana. Nastaajabu tu."

Kisha akakaa na Miwani. Akamweleza mvua ilivyotengenezwa. Zamani zile yeye na wenzake waliazima mizani ya kupimia mizigo, ile ya ndoano, wakafunga tairi kuukuu, wakalivuta juu ya uwanja wa saruji, kwanza uwanja mkavu, kisha uwanja uliomwagiwa maji, wakisoma mshale. Maji machache, maji mengi, tairi jipya, tairi lililoisha. Msichana wa nyumba ya jirani ndiye aliyekuwa akimwaga ndoo. "Baada ya ndoo nyingi sana," Kaka akasema, "nikamwoa."

Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Miwani alikuwa ameacha kuandika, anamsikiliza tu, mdomo wazi.

Nilimrudisha Kaka nyumbani nikajiona mshindi. Nilimwambia Wifi mlangoni, "Umeona? Amekula chakula chote leo." Wifi akamshika mkono mumewe, akamwingiza ndani.

Jumatatu, 17 Machi

Maji yameingia hadi ngazi ya pili ya jengo. Kaka anakuja sasa kila Jumatatu na kila Alhamisi. Miwani anamnywesha chai kwa mrija bila kuulizwa. Kazi ya mvua inakwenda.

Alhamisi, 20 Machi

Sijui niandikeje.

Miwani alimaliza sehemu ya kwanza ya mvua, kona tatu tu, akaiweka kwenye mashine tuijaribu. Kila mtu alijaribu na kila mtu aliishia ukutani, huku tukichekana. Kaka alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Akasema, "Nipeni."

Ningeweza kusema kitu. Miwani alinitazama, kama anayeuliza. Nami nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu nilitaka wamwone. Nilitaka waone nilichokuwa nakiona mimi nikiwa mtoto, nikikaa sakafuni karibu na magoti yake: jinsi alivyokuwa akilipeleka gari kwenye maji kama mtu anayebeba mtoto aliyelala.

Akaishika pedi. Taa zikawa kijani. Gari likaondoka vizuri, na kwa kitambo kidogo, kidogo tu, lilikuwa lake. Kisha mkono ukaanza. Na lile gari, kwa kuwa limeandikwa litii mkono bila hila, likaanza kutetemeka. Kushoto kulia, kushoto kulia, juu ya barabara iliyonyooka, mbele ya watu wote, kwenye skrini ya ukuta mzima. Mtetemo wake ulikuwa pale, mkubwa kama nyumba. Tairi zikakosa mshiko, gari likazunguka, likasimama likitazama lilikotoka.

Mmoja alijifanya anafunga kamba za viatu.

Bado Kidogo ndiye aliyesema, na alisema kwa nia njema, najua: "Mzee, hilo si tatizo. Tutaweka msaada. Mashine inatuliza mkono, inakata kona yenyewe. Wewe unafurahia tu safari."

"Kwa hiyo gari linaendeshwa na nani?" Kaka akauliza.

Bado Kidogo akageuka kuzima skrini.

Kaka akajaribu kuiweka pedi mezani, ikamponyoka ikaanguka. Nilimrudisha kwa gari langu. Vifuta vya kioo vilikuwa vinakwenda kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka nikavizima nikaendesha bila kuona vizuri.

Ijumaa, 21 Machi

Wifi amenipigia simu nikiwa kazini. "Umemfanya nini?"

"Alitaka kujaribu mwenyewe."

"Hajala tangu jana. Amegeukia ukutani."

"Wifi, mimi nami ni ndugu yake, si nilimtakia—"

"Wewe unamchukua akiwa amenyooshwa, amenyolewa, amemeza dawa, amevaa shati," akasema. Hakupandisha sauti. "Unarudisha kilichobaki, kisha unakwenda zako. Unamjua mtu wa asubuhi tu."

Akakata.

Jumapili, 23 Machi

Nimekaa ndani. Nimekunja nguo. Nimezikunjua, nimezikunja.

Jumatano, 26 Machi

Mama yake Wifi ameugua, na Wifi hana budi kwenda kumwona siku moja. Ameniomba nikae na Kaka. Nafikiri angekuwa na mtu mwingine yeyote, asingeniomba.

Alhamisi, 27 Machi

Siri ya mtungi muulize kata. Leo nimekuwa kata.

Kumwamsha: misuli yake asubuhi ni mbao. Unaikanda kwanza, unamkunja goti, unamvuta bega, unahesabu pamoja naye, "moja, mbili, haya," na mara nyingi "haya" inapita naye amebaki palepale. Vifungo vya shati. Uji unaotiririka kidevuni, naye anataka kujifuta mwenyewe, na kitambaa kinapiga pua, kinapiga jicho. Kisha mlango. Nilikuwa sijui habari ya mlango. Kaka anatembea vizuri ukumbini, anafika kwenye kizingiti cha choo, na miguu inaganda kama imeshikwa na gundi. Anataka kupita, kichwa kinatangulia, miguu haiji. Hapo nikaelewa zile tepu nyeupe Wifi alizobandika sakafuni, ambazo siku zote niliziona nikadhani ni za kuficha nyufa. "Sema 'vuka mstari'," Kaka akaniambia. "Yeye ndivyo anavyosema." Nikasema vuka mstari. Akavuka. Lakini tulikuwa tumechelewa, nami nikamvua nguo ndugu yangu mkubwa, nikamwosha, naye akafumba macho muda wote.

Alasiri akaniambia, "Rangi, niteremshie mashine."

"Wifi ameiweka juu."

"Najua alipoiweka. Niteremshie. Ile ya zamani si kama ya kazini, pedi yake ni nzito, ina vifungo vigumu. Huenda mkono utatulia."

Aliniomba kama mtu anayeomba maji. Nikapanda kiti, nikaishusha, nikaifuta vumbi, nikaunganisha nyaya. Ile picha ya vidoti ikawaka, nikahisi harufu ya chumba kile cha nyuma. Akaishika pedi. Akatanua kifua. Sitaandika yote. Alijaribu mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia kutazama. Mwishowe akaanza kujipiga kichwani na ile pedi, taratibu, bila hasira, kama mtu anayebisha hodi. Nilipomshika mkono alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Akalia kwa uso ule usiosogea. Machozi tu yalisogea.

Wifi alirudi jioni, viatu vimejaa maji. Aliona alama kwenye paji la uso. Aliona mashine iko chini. Nilisubiri matusi, niliyataka hata. Alivuta kiti, akaizungushia nyaya zake vizuri, akairudisha juu ya kabati, akaisukuma mpaka nyuma kabisa ukutani. Kwa jinsi alivyofanya, nilijua hii si mara ya kwanza.

Na mimi nilimwita jiwe.

Jumatatu, 31 Machi

Kaka amesema atarudi kazini. Nilimwambia si lazima. Akasema, "Sitaki kuendesha. Nataka kumaliza." Wifi alimfungia koti mpaka shingoni. Alinikabidhi chupa ya dawa na kipande cha tepu nyeupe. "Milango ya kwenu sijaiona," akasema.

Nimebandika tepu kwenye milango yote ya ghorofa yetu. Bado Kidogo aliona, hakuuliza, akanisaidia kukata.

Jumatano, 2 Aprili

Watu wa kujaribu mchezo wameletwa, kundi zima la vijana. Walipenda picha. Kona kavu walizisifu. Walipofika kwenye mvua wakaanza kulalama. "Mchezo unaniadhibu." "Nimefanya kosa gani?" Mmoja aliondoka kabla ya chai.

Alhamisi, 3 Aprili

Kaka na Miwani wamemaliza mvua yote. Sauti ya Kaka imeshuka mno hivi kwamba Miwani anaweka sikio karibu kabisa na mdomo wake, kisha anaandika, kisha anarudi na sikio. Saa za mchana Kaka alitazama Miwani akiendesha mzunguko mmoja mzima, gari likiteleza na kushikwa, likiteleza na kushikwa.

"Imekuwa," akasema.

Miwani akafuta miwani yake. Mabega ya Kaka yakacheka. Katika msimu huu wote naweza kusema, bila kujidanganya, kwamba hiyo ilikuwa saa moja nzuri.

Ijumaa, 4 Aprili

Bado Kidogo ametuita. Mvua itapunguzwa makali. Amri imetoka juu. Gari litashika barabara yenye maji karibu sawa na kavu, maji yataruka kwa uzuri, vioo vitatiririka, basi. Na sauti za injini zimerekodiwa upya kutoka magari ya kweli, zile za zamani zinatolewa zote.

"Acha basi mvua ya zamani iwepo kwa anayeitaka," Miwani akasema. Sijawahi kumsikia akipinga.

"Muda wa kujaribu mvua mbili hatuna."

"Mzee amekuja hapa kwa miguu ile kwa ajili ya kitu kimoja," nikasema.

"Dada, bado kidogo tu utanielewa."

"Nani atamwambia?"

Akanitazama. Wote wakanitazama.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilikwenda kumwambia. Nilimkuta anamsimulia Wifi, kwa ile sauti ya pazia, jinsi gari la Miwani lilivyoteleza. Wifi alikuwa anamkata kucha, anasema, "Ehe? Halafu?" Nikanywa chai nikaondoka.

Jumatatu, 7 Aprili

Ameanguka.

Nilitaka asije leo, nikampigia Wifi asubuhi. Wifi akasema ameshavaa, anasubiri, usimvunje moyo. Kwa hiyo nikamfuata. Mvua ilikuwa ya kupofusha. Nilimshusha mbele ya jengo nikamwambia, "Simama hapa chini ya paa, nafunga gari nakuja." Ule mlango mkubwa wa chini nilikuwa nimeubandika tepu, lakini watu wa usafi walipiga deki jana wakaibandua. Sikujua. Nilipogeuka nilimwona ameushika mwimo wa mlango, mwili umeshaingia, miguu imebaki nje kwenye marumaru yenye maji. Nikapiga kelele, "Vuka mstari!" Akatazama chini kuutafuta mstari. Haukuwapo.

Nilisikia nyonga ikivunjika. Niliisikia katikati ya mvua yote ile.

Bado Kidogo alishuka ngazi mbilimbili, akavua koti lake akamfunika, akapiga magoti kwenye maji akimshikilia kichwa hadi gari la wagonjwa likaja. Alikuwa anasema, "Bado kidogo, mzee, bado kidogo," na kwa mara ya kwanza sikuona cha kucheka katika maneno hayo.

Hospitali nilikaa kwenye benchi la kijani. Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Wifi, kila niliyoyatunga yalianza na "mimi". Akaja. Akaongea na muuguzi kwanza, akampa orodha ya dawa kwa kichwa bila kukosea, akasisitiza saa zake, maana zikichelewa Kaka anageuka ubao. Kisha akanijia. Nikasimama.

"Wifi—"

"Kaa," akasema. "Umelowa." Akanivua mtandio, akaukamua sakafuni pale, akanifunika mabegani kwa wa kwake.

Bora angenipiga.

Ijumaa, 11 Aprili

Amepasuliwa. Daktari amesema mfupa utaunga. Kuhusu kutembea, amesema tu "kiti cha magurudumu".

Jumapili, 13 Aprili

Ananiita kwa jina la mama. Anashikilia shuka kama usukani na anaomba tusimame, tusimame, mbele kuna maji. Muuguzi anasema ni dawa na mshtuko, wengine hurudi sawa, wengine hawarudi sawa.

Jumatano, 16 Aprili

Bado Kidogo alikuja wodini na mfuko wa machungwa. Hakuingia. Nilimkuta ukumbini ameegemea ukuta, analia kimyakimya kama mtoto aliyekatazwa.

"Nilijifunza kusoma kwenye mchezo ule," akasema. "Maneno ya mwanzo kusoma maishani mwangu ni 'breki' na 'tairi'. Nilipopewa mradi nilidhani nitamfurahisha huyu mtu."

"Rudisha mvua yake."

"Imeshafungwa, dada. Mchezo umekwenda kiwandani kuwekwa kwenye diski. Hata mimi siwezi tena kuifikia."

Nilitaka kumchukia. Tangu Machi nilikuwa namwekea chuki akiba. Nilipoitafuta nikakuta kijana tu, suruali yake bado ina madoa ya siku ile. Tukamenya chungwa, tukagawana.

Jumamosi, 19 Aprili

Amerudishwa nyumbani. Kitanda kimewekwa sebuleni, upande wa dirisha. Wifi amezing'oa tepu zote sakafuni. Alipiga magoti akazikwangua kwa kisu, moja baada ya nyingine. Nilimsaidia.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Mgongo wa Kaka umeanza kidonda.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 2 Mei

"Lami" umetoka leo. Ghorofa nzima ilikuwa na vifijo. Wanaousifu wanausifu mno: barabara zangu, majani yangu, ukuta wangu wenye kuvu. Mmoja ameandika, "Hata mvua sasa ni rafiki." Mwishoni mwa mchezo, majina yanapopanda, jina la Kaka linakuja la kwanza, peke yake, kwenye skrini nyeusi, na linakaa. Bado Kidogo alipigania hilo. Watu wote walisimama lilipotokea. Nami nilisimama. Nilikuwa nafikiria kama Wifi amepata mafuta ya kidonda, maana kwenye duka la karibu yameisha.

Jumapili, 4 Mei

Mvua zimekatika. Kuna jua la kuumiza macho na kila ukuta unatoa mvuke.

Nilikwenda mchana na mafuta, na mashine mpya kwenye begi, kwa sababu Bado Kidogo alisisitiza nimpelekee. Kaka alikuwa amelala. Nilimwambia Wifi nitaiacha tu, au nitairudisha, vyovyote atakavyo. Akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu. Siku hizi amekonda hadi pete imefungwa uzi.

"Nionyeshe," akasema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Huo mchezo. Miaka yote hii sijawahi kuushika. Nilikuwa napika, nasikia tu kelele."

Tukasogeza televisheni. Nikamwekea pedi mkononi, nikamfundisha: hiki mwendo, hiki breki. Akachagua mwenyewe barabara ya mvua. Akaenda polepole kama anayepeleka mayai sokoni, magari yote yakampita, akagonga ukuta, akasema "samahani", akarudi barabarani. Gari lilikuwa linashika vizuri. Lilikuwa linashika mno. Injini zile mpya zikajaza sebule.

Kaka akafungua macho. Tangu hospitali kuna saa anazokuwepo na saa asizokuwepo, na leo alikuwepo, nilimwona.

"Hiyo nini?" akauliza.

Wifi akageuka haraka, uso umemchangamka kama msichana. "Ni wako! Naendesha mimi. Sikiliza, niko kwenye mvua."

Kaka akasikiliza. Hawezi kugeuza shingo hadi kuona skrini, kwa hiyo alitazama dari na kusikiliza. Gari likaingia kwenye kona yenye maji, na sote watatu tukasubiri, naapa kwamba hata Wifi alisubiri, ile sauti ya tairi kukosa ardhi. Haikuja. Gari likapita.

"Si wangu," Kaka akasema.

"Ni wenyewe. Jina lako lipo, wifi ameliona. Mwambie, wifi."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na mwezi mzima wa kumwambia, nikakosa neno moja.

"Mchezo wa watu," Kaka akasema, si kwa hasira. "Mzime, nilale."

Akafumba macho. Nikanyoosha mkono kwenye waya. Wifi akanizuia kwa kiwiko. Alipunguza sauti mpaka ikaisha kabisa, kisha akaendelea kuendesha, kimya, mgongo umenyooka, midomo imebanwa, kona baada ya kona, kwa mwendo wake uleule wa mayai. Magari mengine yalikuwa yameshamaliza zamani. Barabara nzima ilikuwa yake, na miti yangu, na maji yasiyofanya kitu. Alipovuka mwisho, maandishi yalimpa nafasi ya mwisho.

"Ndiyo imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha, wifi."

Akaiweka pedi sakafuni. Akatazama saa ya ukutani, akajikongoja kuinuka, mkono mmoja kiunoni.

"Njoo tumgeuze," akasema. "Upande huu ameulalia tangu asubuhi. Mimi nitashika mabega."

Nikashika miguu.